Goti Lililopelekwa Shule

Ukimkuta Evodia Ndahani barazani kwake Mkonze, akizungusha cherehani kwa mkono huku mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, usimuulize goti linaendeleaje. Waliomzoea walikwisha acha kuuliza. Zamani wateja wake walipomuuliza alikuwa akicheka na kuwajibu, "Goti langu lipo shule, linasoma. Likimaliza litarudi." Nao wakacheka, maana Mkonze nzima ilijua kwamba mdogo wake alikuwa akisomea udaktari wa mifupa. Siku hizi ukimuuliza anakata uzi kwa meno na kukuuliza wewe sare ya mtoto unaitaka lini.

Hakuzaliwa mtu wa kigoda. Alizaliwa Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndahani. Watoto wa Bahi hujifunza kutembea kwenye matope, na huenda ndiyo sababu alipopewa uwanja mkavu alikimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba. Alicheza netiboli shule ya msingi, akacheza sekondari, na alipomaliza kidato cha nne akaajiriwa mjini Dodoma na shirika moja la umma lililokuwa likinunua karanga na alizeti. Kwa jina alikuwa karani wa masijala. Mafaili yenyewe aliyashika siku za mvua tu. Enzi zile kila shirika lilikuwa na timu yake, na mameneja waliona fahari ya kombe kuliko fahari ya karanga. Pengine ndiyo maana karanga zilikuwa zikiozea maghalani, lakini hayo tuwaachie wenyewe.

Alicheza senta. Senta ndiye anayekimbia kuliko wote, na netiboli ina sheria moja isiyo na huruma: ukidaka mpira hutembei nao, unakanyaga na kusimama palepale, mwili utake usitake. Mwaka 1992, kwenye michezo ya mashirika huko Morogoro, Evodia aliruka, akadaka, akakanyaga, na goti likalia kama bua la mtama linalovunjwa. Waliokaa mbele walisikia.

Angepumzika, labda leo tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini upepo ulikuwa umekwisha geuka. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa, malori yao yakaingia mpaka vijijini na kununua karanga kwa fedha mkononi, na shirika likabaki na majengo, saini na wafanyakazi wengi. Neno "kupunguza" likaanza kutembea ofisini. Kiongozi wa michezo akawaita wachezaji pembeni akawaambia, "Timu ndiyo ngao yenu. Asiyecheza asinilaumu." Evodia akalifunga goti kwa kipande cha kanga, akacheza mechi mbili nyingine kwa mguu uliokuwa ukimteguka kila akigeuka. Kisha akaja meneja mpya, akasema shirika si uwanja wa michezo, na timu nzima ikapunguzwa kwa siku moja, wazima na majeruhi. Wakapewa kiinua mgongo. Mgongo wa Evodia ulikuwa mzima, lakini alishukuru.

Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo uongo utakapokuja kujengewa nyumba. Mzee Ndahani aliposikia, alipanda treni kutoka Bahi akaja mwenyewe. Jirani mmoja alikwisha andaa magome ya mti ya kulifunga goti, na mzee alimfukuza kwa fimbo. Alimpeleka binti yake hospitali ya misheni kabla ya jani lolote kuligusa goti lile. Huko walimkuta daktari mgeni, bingwa wa mifupa aliyekuja kwa muda, akalipindapinda goti kisha akawaeleza kwa kupitia nesi wa Kigogo: kano la ndani limekatika, linaweza kutengenezwa, yeye yupo mpaka mwisho wa mwaka, lakini likiachwa, goti litajisaga lenyewe kidogo kidogo kama jiwe la kusagia, na hapo hakuna wa kulirudisha. Walitoka pale na matumaini. Kiinua mgongo kingetosha matibabu.

Wiki hiyohiyo Batholomeo akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Huyo ndiye mdogo wake Evodia, mvulana pekee wa Mzee Ndahani. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya binafsi, moja ya zile zilizoota kama uyoga miaka ile, na shule za namna hiyo hazingoji mpunga uive. Kijana alikuwa na akili ya kutisha. Aliingia na sanduku lake kichwani, akaketi juu yake, akalia kimya bila kuomba kitu. Usiku wa kuamua haukuwa mrefu. Evodia alisema, "Asome kwanza. Goti langu litasubiri." Baba yake alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, mwanangu." Batholomeo akapiga magoti mbele ya dada yake, yake yakiwa mazima yote mawili, akaapa: "Dada, nitakuwa daktari. Goti la kwanza nitakalotibu ni lako."

Akawa daktari. Tusimnyime haki yake, alisoma kweli. Evodia alijifunza kushona, akanunua cherehani ya kukanyaga, akaiuza kwa kuwa kila akikanyaga goti lilikuwa likimtoa machozi, akanunua ya mkono. Nguo za mitumba zilipofurika Dodoma, mafundi wengi walikunja majamvi. Yeye akang'ang'ania sare za shule, kwa sababu sare haiji na mitumba. Mchumba aliyekuwa naye alioa mwanamke anayeweza kuinama shambani. Batholomeo alipopata udaktari alisema, "Dada, hii shahada ni ya kawaida, ngoja niwe bingwa." Alipokuwa bingwa wa mifupa alisema, "Goti lako linahitaji ujuzi wa pekee, wanaingiza kamera ndani kwa tundu dogo. Hapa kwetu haupo." Evodia akangoja. Ndipo akaanza ule mzaha wake wa goti lililopo shule, na kwa kweli haukuwa mzaha. Aliamini.

Kwa hiyo Batholomeo alipochaguliwa kwenda Ulaya kusomea majeraha ya wanamichezo, magoti hasa, na ile kamera na lile tundu dogo, Evodia alifurahi kuliko mwenye safari. Alifunga cherehani siku tatu, akaenda Bahi kuandaa sherehe ya kumuaga. Alimshonea baba yake shati jipya. Alichambua mchele, akapika kambare wa bwawani, na kila aliyepita jikoni alimwambia, "Safari hii ni yangu mimi. Yeye ananisindikiza tu."

Batholomeo alikuja na mwenzake mmoja, Dokta Masudi, mtu wa Kolo, ambaye naye alikuwa amechaguliwa. Wawili hao ndio waliopata nafasi kati ya wengi. Masudi alikuwa kijana mcheshi, mwenye adabu. Alimwamkia kila mzee shikamoo, alikula kambare mpaka akaomba wengine. Evodia alipomletea maji ya kunawa, Batholomeo alisema, "Huyu ni dada," basi, hakuongeza. Masudi akajibu, "Asante, dada," kama mtu yeyote anavyomwita mwanamke yeyote dada.

Baada ya chakula wakamwomba mgeni aseme machache. Masudi akasimama na soda yake.

"Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na mbukwenyi," akaanza, na watu wakashangilia kwa hiyo salamu ya Kigogo. "Mimi nataka niwaambie jinsi kijana wenu alivyopata hii nafasi, maana mwenyewe hatasema. Tuliitwa Dar es Salaam mbele ya maprofesa. Vitabu hawakutuuliza sana, vitabu wote tumesoma. Walituuliza: umetoka wapi, na kwa nini unataka kutibu wanamichezo? Dada mmoja akasema baba yake alikuwa daktari wa timu ya taifa. Mwingine alikuwa bingwa wa kuogelea, shule za wenye nazo. Mimi nikasema ukweli wangu: natoka Kolo, mzee wangu anaongoza wageni kwenda kuona michoro ya mapangoni, nilivunjika mkono nikicheza mpira kwenye miamba, nikaungwa vizuri, nikaipenda kazi. Wakanisikiliza. Lakini aliposimama huyu ndugu yangu!"

Batholomeo alikuwa ameinua mkono, kama mtu anayetaka kuzuia kitu, akaushusha.

"Alieleza habari za dada yake. Senta hodari kuliko wote kanda hii. Akaumia goti uwanjani. Wazee, kwa kutokujua, na tusiwalaumu, ilikuwa zamani, wakakataa hospitali. Wakamfunga magome mpaka mguu ukaoza, na yule dada akafariki. Profesa mkubwa, Mzungu mtu mzima, alivua miwani akafuta macho! Nikajua palepale nafasi moja imekwisha chukuliwa. Kwa hiyo ndugu zangu, mimi naomba tusimame wote, tunyamaze kidogo, tumkumbuke dada huyo, kwa sababu bila yeye tusingekuwa hapa leo."

Akainamisha kichwa. Hakuna aliyetikisika. Katekista alimtazama Evodia, akatazama chini. Bibi Antonia wa nyumba ya jirani alinong'ona, "Uchuro gani huu?" Lakini mgeni ni mgeni, na mgeni aliyekula kwako humkosoi akiwa ameinamisha kichwa. Rafiki wachache waliotoka mjini wakasimama. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa aibu. Evodia alikuwa amekaa mkekani karibu na masufuria. Akashika nguzo ya ukumbi, akajivuta, akaupeleka mguu mbovu pembeni jinsi alivyozoea, akasimama. Alisimama akajikumbuka. Alikumbuka uwanja wa Morogoro na vumbi lake, na uzito wa mpira mikononi, na alivyokuwa mwepesi. Aliyebaki ameketi ni Mzee Ndahani peke yake, na shati lake jipya.

Walipoketi, Evodia akaenda jikoni nyuma ya nyumba. Batholomeo akamfuata.

"Dada."

"Marehemu anakusikiliza."

"Dada, usiseme hivyo. Sikukusudia, naapa. Nilianza na kweli. Nikaeleza ulivyocheza na ulivyoumia, kila kitu kama kilivyokuwa. Halafu profesa akaniuliza, na sasa huyo dada yako yuko wapi? Nikafungua mdomo niseme yupo Mkonze, anashona. Nikaliona swali linalokuja nyuma yake. Mimi ni bingwa wa mifupa mwaka wa tatu sasa. Angeniuliza, mbona hujamtibu? Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu kweli."

"Kweli ipi?"

Hata Evodia mwenyewe hakuijua. Miaka yote alikuwa akiambiwa ngoja, naye akingoja, na hakuwahi kumuuliza mdogo wake kwa nini magoti ya watu wengine hayangojeshwi.

"Na baba je?" akauliza. "Baba alikukosea nini?"

Batholomeo alitazama moto. "Mtu hafi kwa goti hivihivi, dada. Ilibidi pawe na sababu."

Alilisema taratibu, kama daktari anavyowaeleza jamaa wa mgonjwa. Evodia aliona hasira ikimpanda, akaificha mikono kwenye kanga. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hupiga teke aliyesimama nyuma yake, hamzushii kifo.

"Masudi asijue," Batholomeo akasema kwa sauti ya chini. "Akijua yeye, na kule watajua, na nafasi itakwenda. Nikirudi, dada, goti la kwanza..."

"Nenda kakae na wageni wako, Batho."

Sasa kwa ukoo wa Mzee Ndahani msafiri wa mbali haondoki mikono mitupu. Anapewa baraka ya kibuyu. Maji hutiwa unga kidogo wa uwele, kibuyu kikazungushwa kwa ndugu wa damu, na kila mmoja huulizwa kama ana neno moyoni juu ya msafiri. Mwenye neno hulitoa, likasikilizwa na kumalizwa, hata kama safari italala. Asiye na neno husema "sina neno" na kutemea mate kidogo ndani. Kikisha zunguka, mzee hupiga funda na kumpulizia msafiri kifuani. Katekista haipendi desturi hiyo, lakini naye alipokwenda kusoma Kipalapala alipuliziwa. Kitu kimoja tu kinaogopwa: mtu kutema mate na huku neno limebaki moyoni. Maji ya namna hiyo, wanasema, humfuata msafiri kwa ubaya.

Kibuyu kikazunguka. Baba mdogo hakuwa na neno. Shangazi hakuwa na neno, akatema, akafuta mdomo. Kikafika kwa mzaliwa wa kwanza, ambaye huwa wa mwisho kabla ya mzee.

"Evodia," Mzee Ndahani akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "una neno na mdogo wako?"

Watu wote wakanyamaza, na safari hii hakuna aliyewaomba. Batholomeo alimtazama dada yake kwa macho yaleyale ya yule mtoto aliyekaa juu ya sanduku. Evodia aliyajua macho hayo; ndiyo yaliyomgharimu goti. Akilitoa neno, Masudi atasikia, na kila kitu alichokilipia kwa mguu wake kitamwagika mbele yake. Akisema sina neno, anatema uongo ndani ya baraka. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili muda mrefu kiasi cha mtu kuanza kukohoa.

"Wafu hawana neno, baba," akasema. "Wala hawana mate."

Akampa baba yake kibuyu bila kukitemea.

Masudi aliitua chupa ya soda chini. Alimtazama Evodia usoni, akautazama mguu ulionyooshwa, akamgeukia mwenzake, na Batholomeo hakuinua kichwa. Mzee Ndahani alisimama akakiangalia kibuyu ndani kana kwamba anatafuta kitu kilichozama. Kisha akakiinamisha, akayamwaga maji yote mchangani, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Nenda," akamwambia mwanawe. "Usichelewe gari."

Batholomeo akaondoka bila kupuliziwa. Ndege haiulizi habari za vibuyu, ikampeleka. Kabla ya kupanda gari Masudi alikuja mpaka jikoni, akashindwa kuketi, akasema, "Dada, nisamehe. Sikujua." Evodia akamjibu, "Hujakosa, mwanangu. Wewe ulinipa heshima. Wengi hawasimamiwi na watu mpaka wafe kweli." Kama Masudi alisema huko aendako au alinyamaza, habari haikufika Bahi. Kilichofika ni kwamba masomo yameanza, na kwamba Batholomeo ni kijana anayetegemewa sana.

Jioni ile, watu walipokwisha tawanyika, Evodia alimkuta baba yake ameketi palepale. Alikuwa amevua lile shati jipya, amelikunja vizuri, ameliweka magotini. Evodia akaketi karibu naye. Alikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba asihuzunike, Bahi nzima inajua ni nani aliyemfukuza mwenye magome kwa fimbo, na uongo una miguu mifupi.

"Baba, usiyaweke moyoni," akaanza. "Yule mtoto amekuzulia."

"Amezua magome," mzee akasema. "Amezua na kifo."

Ng'ombe wa jirani walikuwa wakiingia zizini, akawangoja wapite.

"Daktari yule alinieleza vizuri, Evodia. Nesi alinitafsiria kwa Kigogo kabisa. Nilijua goti halingoji. Siku ile uliposema asome kwanza, unakumbuka nilikutazama?"

"Nakumbuka, baba."

"Nilikuwa nimekwisha kuamua. Tangu alipoingia na sanduku. Nilisema huyu ni wa kiume, atatuinua sote. Wewe utaolewa, utatunzwa na mumeo. Nilikuwa natafuta tu namna ya kukuambia. Ukanitangulia." Alilitazama shati. "Hata usingesema, ningesema mimi. Kwa hiyo hospitali nilikunyima mimi. Hapo mdogo wako hakusema uongo."

Miaka yote ile Evodia alikuwa na kitu kimoja alichokihesabu kuwa chake. Alipoumwa usiku, alipomwona mchumba wake kanisani na mke mwingine, alipozungusha ile cherehani mpaka bega likafa ganzi, alijiambia: nilitoa mwenyewe, hakuna aliyeninyang'anya. Akashika nguzo, akajivuta, akaupeleka mguu pembeni, akaenda kuosha vyombo vya sherehe.